Moto wa Nyika: Tusingoje Ndege

UKURASA WA AFYA



Kila kiangazi, kuanzia Juni mpaka mvua za Septemba, vilima vya Ngara na misitu ya Biharamulo hufuka moshi. Mmoja anasafisha shamba. Mwingine anataka majani mabichi ya ng'ombe. Mwingine amerina asali na kuacha mwenge chini ya mti. Asubuhi moto huo ni mdogo. Saa nane mchana upepo ukivuma, unakimbia kumshinda mtu. Tuseme siku hiyo mama yuko kisimani, baba yuko mnadani, na nyumbani amebaki bibi na wajukuu wawili. Somo la mwezi huu ni kwa ajili ya bibi huyo na wajukuu wake.

1. Je, ndege haziwezi kuzima moto?

Wengi wetu tumeona katika televisheni ndege zikimwaga maji juu ya moto. Helikopta huning'iniza ndoo kubwa kwa kamba na kuchota maji ziwani. Ndege nyingine humwaga mbele ya moto maji mekundu yaliyochanganywa na chumvi za aina ya mbolea, ili majani yasishike moto upesi. Lakini kazi hiyo hupunguza tu nguvu ya moto. Wanaoumaliza ni watu walio chini, wanaofyeka na kuchimba.

Tena upepo mkali huzuia ndege kuruka. Tarehe 8 Agosti 2023, mji wa Lahaina katika visiwa vya Hawaii, Marekani, uliteketea kwa siku moja, na watu zaidi ya 100 wakafa. Helikopta zilikuwepo, ila upepo ulizizuia. Mwezi Januari 2025 upepo ulizuia ndege tena huko Los Angeles katika usiku wa kwanza, na maelfu ya nyumba yakaungua. Hapa nchini, Mlima Kilimanjaro ulipowaka Oktoba 2020, mamia ya watu walipanda kwa miguu kwenda kupambana na moto.

Basi, ikiwa wenye ndege nyingi hushindwa, sisi tusingoje ndege. Kinga yetu ni jembe, na jembe hilo hutumika kabla ya moto.

2. Kabla ya kiangazi

- Mwezi wa Mei, palilia kuizunguka nyumba hatua kumi na tano, udongo ubaki wazi.
- Kuni, nyasi za kuezekea na majani makavu ya migomba yasikae karibu na ukuta. Nyumba nyingi huunguzwa na cheche zinazoletwa na upepo, hata moto wenyewe ungali mbali.
- Ukilazimika kuchoma shamba, pata kwanza ruhusa ya serikali ya kijiji. Choma asubuhi pasipo upepo, majirani wakiwepo na maji. Usiondoke mpaka majivu yapoe.
- Waonyeshe watoto mahali pa kukimbilia: uwanja wa shule au wa kanisa, barabara pana, au shamba lililolimwa.
- Jumuiya ipange mapema ni nani atakayemchukua mzee, mgonjwa na mlemavu.

3. Moto ukifika

Ondokeni mapema, wala msirudi kwa ajili ya mali. Msikimbie kupanda kilima, kwa sababu moto hupanda upesi kuliko mtu. Nendeni pembeni, mkitafuta udongo mtupu au mahali palipokwisha kuungua na kupoa. Vaeni nguo za pamba. Nailoni huyeyuka na kugandamana na ngozi. Nguo ikishika moto, mtu asikimbie: asimame, alale chini, aviringike. Piga simu 114 ya Zimamoto, lakini wakati huohuo waiteni majirani.

4. Huduma ya kwanza kwa aliyeungua

a) Mwondoe kwenye moto. Mvue pete, bangili, viatu na nguo zisizogandamana na ngozi. Iliyogandamana usiivute.

b) Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Jambo hili husaidia hata kama saa mbili zimepita. Usitumie barafu. Sehemu nyingine za mwili zifunike kwa kanga au blanketi, hasa kwa mtoto, asipate baridi.

c) Usipake majivu, matope, kinyesi cha ng'ombe, yai, mafuta wala dawa ya meno. Vitu hivi huhifadhi joto na kuleta vijidudu. Usitumbue malengelenge.

d) Funika kidonda kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, bila kukaza.

e) Mpeleke hospitali ya Rulenge, Murgwanza, Biharamulo au kituo kilicho karibu, ikiwa ni mtoto au mzee, ikiwa kidonda kimepita ukubwa wa kiganja chake, au ikiwa ameungua uso, mikono, miguu, viungo au sehemu za siri. Aulizwe pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

5. Moshi nao huua

Mtu anaweza kukosa kidonda hata kimoja, kumbe ameungua ndani ya koo. Sauti ikikauka, akikohoa masizi, nywele za puani zikiwa zimeungua, au akihema kwa shida, apelekwe hospitali mara moja hata kama anasema hajambo. Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga, wajawazito, wazee na wenye pumu. Kitambaa kibichi puani huzuia majivu, lakini hakizuii moshi. Dawa ya moshi ni kuuhama.

6. Baada ya moto

Hapa wengi hujisahau. Visiki na mizizi huendelea kuwaka chini ya udongo kwa siku kadhaa, na watoto huunguza nyayo. Kuta zilizopata joto kali zaweza kuanguka. Majivu ya nyumba yana masalia ya plastiki, rangi, betri na dawa za shambani: yamwagieni maji kabla ya kuyazoa, mvae viatu, na watoto wakae mbali.

Mvua ya kwanza huosha majivu hayo na kuyaingiza visimani. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi sumu za plastiki na dawa. Maji yakinuka moshi au dawa, yasinywewe. Tafuteni chemchemi nyingine na kumwarifu bwana afya. Maji ya kwanza ya paa lenye majivu yamwageni.

Moyo nao huungua. Mtoto akishtuka usingizini au akianza kukojoa kitandani, asichapwe. Akae karibu na wazazi, asikilizwe. Familia iliyopoteza chakula na paa isiachwe kwa maneno ya pole tu: jumuiya ipeleke unga, nguo na mikono ya kujenga.

MASWALI YA JUMUIYA NDOGONDOGO

1. Katika jumuiya yetu, ni nyumba ipi ina mzee au mgonjwa asiyeweza kukimbia? Nani atamfikia kwanza?
2. Ni wapi tutakapokutana sote moto ukitokea?
3. Tutapalilia pamoja siku gani kuzunguka nyumba za wajane?