Bibi Siddons na Mshumaa

Sarah Siddons alizaliwa mwaka 1755 katika mji wa Brecon, nchi ya Wales. Baba yake alikuwa mkuu wa kundi la wachezaji waliozunguka mji kwa mji wakionyesha hadithi mbele ya watu. Mwaka 1775 Sarah aliitwa London kucheza katika nyumba ya michezo iitwayo Drury Lane. Lakini alicheza kwa hofu, watu wasipendezwe, naye akaachishwa kazi. Akaenda kucheza katika miji mingine, hata mwaka 1782 akarudi London, na watu wakatoka machozi kwa kumtazama.

Mchezo uliomtukuza kuliko yote ni ule wa Macbeth, uliotungwa na Shakespeare. Humo Macbeth, mtu mkuu wa Uskoti, amwua mfalme wake aliyemkaribisha nyumbani, na mkewe ndiye amhimizaye. Sarah alipokuwa kijana alianza kujifunza maneno ya mke huyo usiku, wenziwe wamekwisha kulala. Alipofika penye mauaji alishikwa na hofu, akakimbilia juu na mshumaa wake. Mchakacho wa nguo zake mwenyewe akaudhania kuwa ni mzuka unaomfuata. Akajitupa kitandani bila kuvua nguo.

Mwaka 1785 alimcheza mwanamke huyo katika Drury Lane. Baada ya uovu ule, mke wa Macbeth hutembea usiku hali amelala, akiosha damu mikononi, wala damu haipo. Bibi Pritchard, mchezaji wa zamani aliyesifiwa sana, hakuuweka mshumaa chini. Siddons akauliza, mtu aoshaje mikono na mmoja umeshika mshumaa? Bwana Sheridan, mkuu wa nyumba ile, akamwendea chumbani akamsihi asivunje desturi. Akakataa, akauweka mezani, akaosha mikono yote miwili. Ulipokwisha mchezo Sheridan mwenyewe akaja kumpongeza kwa ukaidi wake.

Wengi walimdhani mke wa Macbeth kuwa kama mnyama mkali tu. Siddons hakukubali, na kwa haki: mwanamke huyo asema angalimwua mfalme kwa mkono wake, lakini alipomwona amelala alimfanana baba yake, akashindwa.

Tarehe 29 Juni 1812 Siddons alimcheza tena, akiwaaga watu wa London. Alipokwisha kutembea na mshumaa, watu hawakutaka kuona zaidi. Pazia likashushwa, na Macbeth hajauawa bado. Lilipoinuliwa, Siddons alikuwa ameketi, akasimama kuwaaga.