USIMTWISHE MTEJA MDOGO MAKATO YOTE



Mwaka jana nilianza kuuza mafunzo ya ushonaji kwa ada ya mwezi. Shilingi 2,000 tu, unaingia kwenye grupu, kila wiki unapata video ya kukata na kushona. Nikapata wanachama 31. Mwezi wa nne nikaona makato yananimaliza. Usiku nikatangaza: kuanzia kesho kila mtu aongeze 500 ya kutolea. Kufika asubuhi 12 wameshatoka, wengine nilikuwa nao tangu siku ya kwanza.

Kumbe hata wakubwa walishateleza hapo. Patreon ni mtandao wa Marekani, ulianzishwa mwaka 2013 na Jack Conte, mwanamuziki, na mwenzake Sam Yam. Shabiki anamchangia msanii au mwandishi anayempenda kila mwezi, hata dola 1. Desemba 2017 wakatangaza kuwa mchangiaji ataongezewa asilimia 2.9 pamoja na senti 35 kwa kila mchango.

Piga hesabu. Wa dola 10 angelipa 10.64. Wa dola 1 angelipa 1.38. Wa juu hata hasikii, wa chini kaongezewa zaidi ya theluthi! Watu wakafuta michango, wasanii wakalalamika, na ndani ya siku chache kampuni ikaomba radhi na kuachana na mpango huo.

Tunajifunza nini?

1. Makato yasiyoangalia kiasi humuumiza anayelipa kidogo. Mpe nafasi ya kulipa miezi mitatu kwa mkupuo, akatwe mara moja.

2. Kagua makato yanatoka wapi. Mimi kila 2,000 ikiingia nilikuwa nakimbilia kwa wakala. Siku hizi naacha zikusanyike, natoa mara moja kwa mwezi.

3. Ukipandisha bei, sema mapema na utoe sababu. Wateja wa zamani waache kwenye bei yao kwa muda. Anayekulipa kila mwezi hanunui video tu, anakushika mkono.

Wale 12 niliwapigia mmoja mmoja kuomba radhi. Wamerudi 7. Watano nimewakosa, na hiyo ndiyo ada niliyolipa mimi kwa somo hili. Wewe lichukue bure.