Kabla Hujamwachia Fundi Kompyuta: Linda Data Yako Kwanza

Kompyuta ikigoma kuwaka, wengi wetu hapa Likoni huibeba hadi kwa fundi wa karibu na feri, au huvuka nayo hadi mjini, tukiwa na swali moja: itagharimu pesa ngapi? Swali la pili huulizwa mara chache, nalo ndilo lenye hasara kubwa: je, vilivyomo ndani vitarudi? Skrini ikipasuka, nyingine hununuliwa. Picha za arusi, hesabu za chama, alama za wanafunzi za muhula mzima au mradi wa mwaka wa mwisho chuoni havipatikani dukani.

Somo hili linaeleza jinsi data inavyopotea kwa fundi, mambo ya kufanya kabla ya kumkabidhi mashine, na hatua za kuchukua ikiwa hasara imeshatokea.

Data hupoteaje kwa fundi?

Kwanza, kufomati. Kompyuta ikiwa nzito au ina virusi, njia ya haraka ni kuweka Windows upya, na mara nyingi kazi hiyo huanza kwa kufuta diski yote. Fundi aliambiwa mashine ifanye kazi, naye ameifanyia kazi. Hakuna aliyemwambia kwamba ndani mna rekodi za miaka mitano.

Pili, kubadilisha diski. Unarudishiwa kompyuta yenye diski mpya, na ile ya zamani inabaki dukani, inatupwa au inauzwa. Data yako imekwenda nayo.

Tatu, diski iliyokuwa inakufa. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka. Ukisikia mlio wa kugonga-gonga, au faili zikichukua muda mrefu kufunguka, diski inaaga. Kila unapoiwasha kujaribu tena, unaongeza uharibifu. Izime.

Nne, kufuli usiyoijua. Kompyuta nyingi mpya za Windows hufunga diski kwa kufuli iitwayo BitLocker, wakati mwingine bila mwenyewe kufahamu. Fundi akibadilisha bodi kuu, mashine inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Bila ufunguo huo data ipo, lakini haisomeki. Mara nyingi ufunguo huwa umehifadhiwa katika akaunti yako ya Microsoft. Utafute na uuandike kwenye karatasi kabla ya kwenda kwa fundi.

Mambo matano ya kufanya kabla

1. Toa nakala. Ikiwa kompyuta bado inawaka, nakili faili muhimu kwenye flashi au diski ya nje, na nakala nyingine uiweke kwenye hifadhi ya mtandaoni. Google hutoa nafasi ya GB 15 bila malipo, ambayo inatosha kwa hati na picha kadhaa. Fungua faili mbili tatu kutoka kwenye nakala uone kama zinasomeka. Usibebe flashi hiyo katika mkoba mmoja na kompyuta. Mkoba ukipotea kwenye msongamano wa feri, vyote viwili vitakwenda pamoja.

2. Kama haiwaki, kunakili data kuwe kazi ya kwanza. Mara nyingi diski huwa nzima hata kama mashine imekufa. Mwombe fundi aitoe, aiunganishe na kompyuta nyingine na kukunakilia faili zako ukiwepo, kabla ya kugusa kitu kingine.

3. Uliza kama diski inahitajika. Kubadilisha skrini, betri, kibodi au tundu la chaji hakuhitaji faili zako. Kwa mashine ambazo diski yake hutoka kwa urahisi, mwombe fundi aitoe ubaki nayo hadi kazi iishe.

4. Usitoe nywila bila sababu. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada walieleza jinsi walivyopeleka kompyuta kwenye maduka 16 ya ukarabati, zikiwa zimewekwa programu ya kurekodi kila kinachofanywa. Katika maduka sita walikuta mafundi wamefungua faili za mwenye mashine, na katika mawili walikuta faili zimenakiliwa. Kama ni lazima fundi aingie, tengeneza akaunti ya muda isiyo na faili zako.

5. Andikianeni. Risiti ya "laptop moja" haitoshi. Karatasi fupi yenye sahihi mbili iseme hivi: "Nimepokea kompyuta yenye nambari hii, na diski yenye nambari hii. Kazi ni kubadilisha skrini. Diski isifomatiwe wala kubadilishwa kabla ya mwenyewe kupigiwa simu na kukubali. Diski ya zamani irudishwe kwa mwenyewe." Piga picha ya karatasi hiyo. Fundi mzuri hatakasirika, maana karatasi hiyo inamlinda yeye pia.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu upotevu na uharibifu wa data kuwa ukiukaji wa usalama wake, hata kama umetokea kwa bahati mbaya. Biashara yenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 kwa kawaida hailazimiki kujisajili kwa Kamishna wa Data, lakini wajibu wa kulinda data ya wateja uko pale pale.

Sheria hiyo inakugusa wewe pia. Ikiwa kompyuta unayopeleka ni ya shule, zahanati au biashara, ndani mna data ya watu wengine, na taasisi yako ndiyo inayowajibika kwao. Data hiyo ikimfikia mtu asiyeruhusiwa, na kuna hatari ya kweli ya watu kudhurika, taasisi inatakiwa kumwarifu Kamishna ndani ya saa 72. Kwa hiyo mwalimu au karani asiipeleke mashine ya kazi kwa fundi wa mtaani kabla ya kumwarifu mkuu wake.

Ikishapotea, fanya nini?

Acha kuitumia kompyuta mara moja. Katika diski ya sahani, faili zilizofutwa hubaki mpaka zifunikwe na data mpya, kwa hiyo mtaalamu anaweza kuzipata. Katika diski za kisasa za SSD, faili zilizofutwa huweza kutoweka kabisa kwa muda mfupi. Usiweke programu wala usinakili chochote.

Dai diski ya zamani siku hiyo hiyo. Kisha mwandikie fundi malalamiko, ueleze kilichopotea na unachodai, na ubaki na nakala.

Msipoelewana, una milango miwili. Wa kwanza ni Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, kupitia tovuti ya odpc.go.ke. Malalamiko yanaweza kutolewa kwa maandishi au kwa mdomo, na sheria inataka yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90. Wa pili ni Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na kutakiwa kuyaamua ndani ya siku 60. Unaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili. Katika milango yote miwili, utaulizwa ushahidi, na hapo ndipo ile karatasi yenye sahihi mbili itakapokufaa.

Hata hivyo, ukishinda kesi utalipwa pesa tu. Picha za marehemu mzazi wako hazitarudi kwa amri ya mahakama. Ikiwa faili zako za thamani ziko mahali pamoja tu, zitolee nakala leo, wakati kompyuta bado inawaka.