Mapatano ya Ujira

Someni kwanza: Mwanzo 29:15–30 na 30:25–43.

Wapendwa, Yakobo alimtumikia Labani miaka 20. Miaka 14 ya kwanza ilikwisha kwa ajili ya wake wawili, tena mke wa kwanza hakuwa yule waliyepatana. Baadaye alilalamika kwamba mjomba wake alimbadilishia ujira mara kumi. Wengi wetu tukisoma habari hii tunamshangaa Labani kwa ujanja wake, kisha tunafunga kitabu. Lakini angalieni jinsi Yakobo alivyopatana mara ya pili. Alipoambiwa ataje mshahara wake hakutaja fedha. Alitaka wanyama wenye madoadoa na mabaka, na kondoo weusi, ili siku ya kuhesabu kila mtu aone kwa macho mnyama yupi ni wa nani. Tena ulikuwa ujira unaozaa. Mtu wa Mara aliyekulia karibu na zizi hana haja ya kuelezwa zaidi.

Tuanze na ziwani, ambako vijana wetu wengi hutafuta riziki. Mvuvi katika mtumbwi wa mtu mwingine mara nyingi hana mshahara, ana mgao. Samaki wakiuzwa, gharama hutolewa kwanza, na kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi. Ugomvi hautokani na mgao, hutokana na hilo neno “gharama”. Petroli inajulikana. Je, nyavu zilizochanika? Fundi wa injini? Taa za dagaa? Chakula cha usiku? Anayekubali nusu bila kuuliza ni nusu ya nini, bado hajapatana. Na aulize akiwa nchi kavu, mbele ya mtu wa tatu.

Kwa aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe maelezo kwa maandishi anapoanza kazi: kazi yenyewe, mahali, tarehe ya kuanza, saa za kazi, mshahara na jinsi unavyokokotolewa. Likitokea shauri na mwajiri hana karatasi hiyo, mzigo wa kuthibitisha ni wake. (Kibarua anayemfanyia mwajiri mmoja kazi chini ya siku sita kwa mwezi hahusiki na kifungu hicho, nao ni wengi.) Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu.

Jambo linalowaponyeza wengi ni hili: mshahara unaotajwa siyo unaofika mkononi. Mtu akikubali shilingi 400,000 kwa mwezi, sehemu yake ya NSSF, asilimia 10, ni 40,000. Zinabaki 360,000. Katika hizo, 270,000 hazitozwi kodi. Zile 90,000 zilizozidi hutozwa asilimia 8, yaani 7,200. Atapokea 352,800. Basi anayepanga kodi ya nyumba na ada kwa kuhesabu laki nne kamili ameanza mwezi na deni. Na ile 40,000 asiinung'unikie, bali aulize kama mwajiri naye anaweka sehemu yake. Asisubiri mpaka siku ya kuacha kazi.

Sasa ule ujira unaozaa. Mvuvi wa dagaa anajua kwamba mbalamwezi ikiwaka kazi husimama. Akiba ya siku za giza ndiyo chakula cha siku za mwezi mpevu, na kitakachozidi hapo ndicho cha kununua hisa katika kikundi, au mbuzi jike, au tofali. Anayengoja mshahara uongezwe ndipo aanze atangoja sana. Nimeona nyongeza nyingi zikiishia kwenye simu mpya.

Nasi tulio waajiri wa wasichana wa kazi na wachunga ng'ombe tusijitoe katika somo hili. Yakobo 5:4 ni barua yetu.

Maswali kwa vikundi: Ni mapatano gani ya ujira nyumbani kwako ambayo hayajaandikwa popote? Mchunga ng'ombe ameahidiwa ndama mwisho wa mwaka, naye ndama huyo akafa mwezi wa tisa: hasara ni ya nani? Someni Mwanzo 31:39 kabla ya kujibu.