Mrihani: Ujue Udongo Wako Kabla ya Kununua Mbegu

Mrihani si mmea mgeni katika Kaunti ya Kilifi. Hupandwa karibu na nyumba, huchanganywa na asumini katika vikuba, na aina yake yenye majani mapana hutumika katika mapishi ya Kiitaliano kwenye hoteli za Malindi na Watamu. Hata hivyo, mkulima anayeanza kwa mbegu huweza kuona kitalu kikibaki kitupu, na lawama zote zikamwangukia muuzaji. Mara nyingi tatizo huwa ni udongo.

Mbegu ya mrihani ina urefu wa takriban milimita 2. Akiba yake ya chakula ni ndogo, hivyo haina nguvu ya kusukuma udongo mzito. Ipandwe kina cha nusu sentimita tu. Penye joto la nyuzi 20 hadi 30, huota kwa siku 5 hadi 10, na katika siku hizo haitakiwi kukauka wala kukaa ndani ya maji yaliyotuama.

Pima kwa mkono

Lowesha udongo kidogo, uufinyange, kisha uusukume kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukimeguka papo hapo, ni kichanga. Ukitoa utepe mfupi unaokatika, ni tifutifu, unaofaa zaidi. Utepe ukizidi sentimita 5 bila kukatika, ni mfinyanzi.

Udongo wa kichanga

Huu ni wa kawaida karibu na bahari. Maji hupita upesi, na mbegu iliyoanza kuota hukauka. Changanya debe moja la mboji au samadi iliyooza vizuri na madebe mawili ya udongo. Samadi mbichi huunguza miche. Tengeneza kitalu kilichoshuka kidogo, nyunyiza maji asubuhi na jioni, na ufunike kwa nyasi kavu. Ziondoe nyasi mara tu miche inapochomoza.

Udongo wa mfinyanzi

Ukikauka baada ya kumwagiliwa, hufanya gamba gumu ambalo mche hauwezi kulipasua. Ukilowa sana, miche huoza shina usawa wa ardhi. Inua kitalu sentimita 15 hadi 20 ili maji yatoke, uchanganye mboji, na ufunike mbegu kwa mboji iliyochekechwa badala ya udongo wenyewe. Usitegemee kuongeza mchanga kidogo. Mchanganyiko huo huweza kuwa mgumu zaidi ukikauka.

Udongo wenye chokaa

Mrihani hupenda udongo wenye pH ya kati ya 6 na 7. Karibu na mawe ya matumbawe, chokaa huweza kuwa nyingi, na mimea ikakosa madini ya chuma hata kama yamo ardhini. Dalili yake ni majani machanga kugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Hapo usiongeze chokaa wala jivu, tumia mboji.

Jaribu kabla ya kulaumu mbegu

Chukua mbegu 20 kutoka pakiti moja. Weka 10 juu ya kitambaa chenye unyevu ndani ya sahani iliyofunikwa, na upande 10 katika udongo wa shamba ndani ya mkebe uliotobolewa chini. Vyote viwili visikauke. Hesabu zilizoota baada ya siku 10. Zikiota kwenye kitambaa lakini si kwenye mkebe, rekebisha udongo. Zisipoota popote, zirudishe mbegu kwa muuzaji pamoja na risiti.

Jaribio hili halina gharama kubwa, na linaweza kuokoa fedha za msimu mzima. Mkulima anayehitaji ushauri zaidi amwone afisa wa kilimo wa wadi yake.