Kijana na Lililo Mkononi Mwake

Aketiye katika baraza za Mji wa Kale jioni hakosi kulisikia neno hili kwa kijana: "Mimi sikuandikiwa." Ameshindwa mtihani, au amerudi bandarini bila ya kazi, asemapo hivyo mazungumzo yamekwisha. Neno hili lina sura ya imani, na mara nyingi si imani.

Mwaka 1966 Julian Rotter, mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, alichapisha kipimo cha jozi 29 za kauli. Humpima mtu aonavyo: yamfikayo yatokana na vitendo vyake, au na bahati na wenye nguvu? Wengi wetu tu katikati. Lakini aelekeaye mno upande wa pili, kushindwa hakumfunzi kitu. Hatafuti alipokosea, kwani kwake hapana alipokosea. Na akishinda, ushindi pia si wake. Hivyo huishi miaka asijue thamani yake.

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa As-Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 papa hapa Mombasa, aliulaumu uigaji wa Wazungu, na huku akawataka Waislamu wazitazame kasoro zao wenyewe. Na aya ya 11 ya Suratur-Ra'd yafungamanisha kugeuka kwa hali ya watu na kugeuka kwa yaliyo nafsini mwao.

Lakini tusimdhulumu kijana. Aliyezungushwa miezi kwa ajili ya kitambulisho hakuzungushwa na uvivu wake. Kumwambia kwamba kila kitu ki mkononi mwake ni kumtwika lawama isiyo yake, naye mwisho atajiona duni.

Nahodha wa majahazi ya Bandari ya Kale hakuwa na amri juu ya kaskazi wala kusi. Alingoja. Ila katika kungoja huko alitia kalafati, akapaka sifa, akashona tanga. Maji yakiingia kwa mshono usiotiwa pamba, hakuusingizia upepo.

Katika darsa yetu vijana walipewa karatasi: upande mmoja waandike yasiyo mkononi mwao, upande wa pili yaliyomo. Mmoja aliujaza wa kwanza hadi pambizoni. Wa pili ukabaki mweupe. Juma lililofuata aliirudisha karatasi. Upande ule mweupe alikuwa ameandika neno moja: hesabu.