Miwani Inayoteleza Puani
Miwani ikiteleza, tunakushauri kwanza ukaze skrubu za bawaba kwa bisibisi ndogo. Pengine tatizo huishia hapo. Likiendelea, na fremu ni ya plastiki, chovya ncha ya mkono inayokaa nyuma ya sikio katika maji ya moto yasiyochemka kwa takriban nusu dakika, kisha uipinde chini kidogo kidogo. Lenzi zisiguse maji hayo: joto huweza kupasua utando wake, na hasara hiyo hairekebishiki. Fremu ya chuma yenye vipande laini vya puani ni rahisi zaidi, visogeze vikaribiane. Ila lenzi za kuonea mbali na karibu kwa pamoja usizirekebishe mwenyewe, kwani zikihama kidogo tu uonaji hubadilika. Mrudishie aliyekuuzia, ukiwa na risiti.